Limefeli breki! Historia ya breki za tela, toka mkokoteni wa Usukumani hadi gereji ya Kahama

Najua wengi mnategemea nizungumzie bumu na foleni ya kafeteria, lakini leo niacheni niwapigie historia. Historia ya breki. Msicheke. Kuna maneno mawili tunayasikia kwenye taarifa ya habari karibu kila lori likiua: "limefeli breki". Yanasemwa haraka haraka, kama mtu anavyosema mvua imenyesha, halafu msomaji anahamia kwenye michezo. Mimi huwa nabaki najiuliza. Breki ipi? Ya kichwa au ya tela? Ilifeli kwa kukosa upepo, kwa moto, au waya ulikatika? Na kabla haijafeli, ilimwambia nani?

Hilo swali la mwisho ndilo la leo. Ukiangalia kwa jicho la historia, kitu chochote kinachovutwa (behewa la treni, tela la lori, katela kadogo nyuma ya Land Cruiser) kina breki ya aina moja kati ya mbili. Kuna breki inayopiga kelele ikiharibika, na kuna breki inayokufa kimya kimya. Watu wamekufa kwa mamia mpaka tofauti hiyo ikaandikwa kwenye sheria. Na hata leo, fundi akiitwa kutafuta ugonjwa wa tela, njia atakayopita inategemea tela lenyewe liko upande gani.

Nianzie kwetu. Mimi ni mtoto wa Shinyanga, na tela la kwanza nililopanda halikuwa na injini mbele, lilikuwa na ng'ombe. Mkokoteni wa maksai, ekseli ya gari kukuu, matairi mawili yaliyokwisha, mbao juu, pamba au magunia ya mpunga. Breki? Hakuna. Breki ni ng'ombe wenyewe. Mkifika mteremkoni mzigo unasukuma boriti, boriti inasukuma nira, na ng'ombe wanajizuia kwa miguu ya mbele huku kijana anakimbia mbele yao na fimbo kuwapunguza kasi. Kwa bahati Usukumani ni tambarare. Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Mwadui, kule ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, utatafuta mteremko wa maana hadi uchoke. Ndiyo maana hata matela ya trekta kwetu mengi hayana breki yoyote na maisha yanaendelea. Nchi yenyewe ndiyo imewasamehe.

Nalitaja hili kwa sababu ugonjwa wa breki ni kitu cha ajabu: kwenye tambarare hauonekani. Unaweza kutembea na tela bovu toka Tinde hadi Isaka, toka Isaka hadi Kahama, usijue kitu. Utajua siku ukikutana na mlima.

Sasa twende kwenye reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 enzi za Wajerumani, na tawi la Tabora hadi Mwanza, lile linalopita Shinyanga, Waingereza wakalifungua mwaka 1928. Lakini tatizo la kusimamisha vitu vingi vinavyovutwa na kichwa kimoja ni la zamani kuliko reli yetu. Mwanzoni kabisa, huko Ulaya na Marekani, breki ya behewa ilikuwa mtu. Dereva anapiga filimbi, vijana wanazungusha gurudumu la chuma juu ya kila behewa, wengine wanaruka toka behewa hadi behewa huku treni inakwenda. Wengi walianguka wakafa. Kama umewahi kumwona utingo wetu anaruka toka kwenye lori linalorudi nyuma akiwa na gogo mkononi ili aliweke nyuma ya tairi, umeiona kazi hiyohiyo, ila tu hapa haijafutwa.

Mwaka 1869 kijana wa Kimarekani, George Westinghouse, akiwa na umri wa miaka 22 (wengine tuko umri huo bado tunadesa), akasajili breki ya upepo. Wazo lilikuwa rahisi: kompresa kwenye kichwa, tangi la upepo, bomba linalopita chini ya mabehewa yote. Dereva akitaka kusimama anafungulia upepo, upepo unakwenda hadi kila behewa na kusukuma breki. Safi kabisa. Lakini ina kasoro moja kubwa, na ndiyo roho ya habari hii yote. Hosi ikikatika, upepo haufiki. Mabehewa yakikatika toka kwenye kichwa, hayana breki. Yaani unapoihitaji zaidi ndipo haipo! Na mbaya zaidi, dereva hatajua mpaka akanyage.

Westinghouse mwenyewe aliliona hilo, na mwaka 1872 akaja na jibu ambalo kwangu mimi ni moja ya mawazo makubwa ya karne ile. Akageuza kila kitu kichwa chini miguu juu. Kila behewa likapewa tangi lake dogo la upepo na valvu. Bomba kuu likawa linajazwa upepo muda wote wa safari, na kazi ya upepo huo ni kuiambia breki *iachie*. Dereva akitaka kusimama anapunguza upepo kwenye bomba. Valvu ya kila behewa inahisi upungufu huo na kufungulia upepo wa tangi lake lenyewe uende kwenye breki. Sasa fikiria hosi imekatika. Upepo wa bomba unatoka wote, na valvu za mabehewa yote zinafunga breki, zilizobaki na kichwa na zilizokatika, bila kuambiwa na mtu. Uharibifu wenyewe unageuka kuwa amri ya kusimama. Breki inapiga kelele.

Mngedhani dunia nzima ingeichukua siku hiyohiyo. Wapi! Makampuni ya reli yalilalamika gharama, kama kawaida. Uingereza wengine walibaki na breki ya vakyumu ya aina rahisi, ile ambayo bomba likikatika inaachia. Ikabidi ifike tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland. Treni ya matembezi imejaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao, inapanda mlima, injini inashindwa. Wafanyakazi wakaamua kuigawa: kichwa kivute mabehewa ya mbele kwanza, ya nyuma yasubiri. Walipoyatenganisha, mabehewa ya nyuma yakabaki hayana breki ya vakyumu, yamebaki na breki ya mkono na mawe. Ndiyo, mawe! Wameweka mawe nyuma ya magurudumu, sawasawa na utingo wetu. Kichwa kilipojaribu kuondoka kikarudi nyuma kidogo, kikayagusa mabehewa, mawe yakapondeka, na mabehewa yakaanza kuteremka kuelekea treni nyingine iliyokuwa inapanda nyuma yao. Walikufa watu 80. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha breki za kujifunga zenyewe kwenye treni za abiria. Marekani walipitisha ya kwao mwaka 1893.

Nimeisoma habari ya Armagh mara tatu, na kila mara akili inakwenda Dodoma. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni yetu ya abiria iliyokuwa inapanda mlima ilirudi nyuma, ikaachia mteremko, ikaenda kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Ni reli ileile inayotuunganisha sisi wa Shinyanga na Dar, na taarifa za siku zile zilitaja hitilafu ya breki. Miaka 113 imepita toka Armagh, na umbo la ajali ni lilelile: mlima, mzigo unaorudi nyuma, treni nyingine chini yake. Siwezi kusema zaidi ya hapo kuhusu kilichotokea ndani ya mabomba siku ile, sikuwa pale na mimi si mpelelezi. Ninachosema ni kwamba Mtanzania hana haja ya kwenda Ireland kutafuta kwa nini jambo hili ni zito.

Na msije mkadhani breki ya Westinghouse ni dawa ya kila kitu. Upepo unavuja. Tangi likikaa saa nyingi bila kompresa kufanya kazi, breki iliyofungwa kwa upepo inalegea taratibu. Tarehe 6 Julai 2013 huko Lac-Mégantic, Canada, treni ya mafuta iliyoegeshwa usiku juu ya mteremko, injini imezimwa, breki za mkono chache, ilijiachia ikashuka mjini ikalipuka. Watu 47. Kwa malori dawa ya hilo ilikuja na springi. Ndani ya chemba ya breki kuna springi nene inayotaka kufunga breki muda wote, na upepo ndio unaoizuia. Upepo ukiisha wote, springi inafunga, na springi haivuji.

Barabarani kwetu tela kubwa zilipata umaarufu kwa sababu ya siasa. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zambia ikajikuta imekatiwa njia ya mafuta ya kusini, na mafuta yakabidi yapite Dar. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia Tanzania Road Services na malori ya Fiat yenye tela, barabara ya vumbi na matope, Kitonga hapo katikati. Waliita njia ya jehanamu. Huku kwetu kanda ya ziwa wimbi lilikuja baadaye, kwa Isaka. Toka miaka ya 1990 mizigo ya Rwanda na Burundi ilifika Isaka kwa reli, ikapakiwa kwenye malori. Halafu ikaja migodi: Geita ya sasa ilianza uzalishaji mwaka 2000 (ile ya mkoloni ilifungwa 1966), Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009 hadi ilipofungwa 2021. Mgodi unakula mafuta, saruji, vyuma, kemikali, na vyote hivyo vinakuja juu ya tela. Na makontena ya makinikia yaliyozuiwa bandarini mwaka 2017 yakatupa kelele nchi nzima, mnadhani yalifikaje Dar? Kahama ikawa mji wa matairi na gereji.

Lori linalotoka Dar likiwa na mzigo wa Kahama au Geita lina mtihani mmoja kabla halijafika tambarare yetu: Sekenke, wilaya ya Iramba. Unatoka juu Singida unashuka hadi mbuga ya Wembere. (Kwa wapenda historia ya dhahabu: mgodi wa Sekenke ulianza enzi za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kutengeneza zile sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, wakati wa vita.) Sekenke ndiko breki za tela zinakosahihishwa mtihani. Breki zikichoka kwa moto, dereva akikanyaga na kuachia mara nyingi upepo ukapungua, gari likaingia gia kubwa... mengine mnayajua kwenye magazeti.

Lakini hapa ndipo historia inapokuwa chungu. Tela la upepo lina hosi mbili toka kwenye kichwa. Nyekundu inapeleka upepo wa kudumu, ya pili inapeleka amri ya breki. Nyekundu ikipasuka, tela linajifunga palepale, kama Westinghouse alivyotaka. Fundi wa tela la upepo kwa hiyo hana shida ya kujua kuna ugonjwa. Tela limegoma, magurudumu yamekaza. Kazi yake ni kutafuta wapi: anasikiliza mvujo, anapaka povu la sabuni kwenye maungio, anatazama geji inashuka kwa kasi gani, anapima mkono wa breki unatembea umbali gani. Ugonjwa umejitangaza wenyewe. Sasa sikilizeni kinachofanyika porini saa nane usiku. Kila chemba ina nafasi ya bolti ya kuikunja ile springi, ambayo kazi yake halali ni kuruhusu gari libururwe hadi gereji. Mtu anakunja springi ya gurudumu moja, ya pili, ya tatu. Au anaikunja hosi na kuifunga kwa mpira. Tela limeachia, safari inaendelea, mzigo unafika kwa wakati, tajiri anafurahi. Breki iliyokuwa inapiga kelele imezibwa mdomo. Wakati huo tela la mwaka wa jana limerudishwa enzi za 1869, tena bila kompresa!

Kwangu mimi, "limefeli breki" nyingi ni za namna hii. Breki haikufeli. Ilifanya kazi yake, ikanyamazishwa, halafu ikalaumiwa.

Haya, sasa ndugu yake mkimya: breki ya umeme. Miaka ya 1920 huko Beloit, Wisconsin, jamaa mmoja aitwaye Arthur Pratt Warner, ambaye tayari alishafanya biashara ya spidomita, aliingia kwenye breki za umeme kwa ajili ya tela ndogo. Ni kitu chenye akili. Ndani ya dramu kuna sumaku ya umeme iliyoshikwa na mkono wa chuma. Dereva akikanyaga breki, kiboksi kwenye kabini kinapeleka umeme, sumaku inaganda kwenye uso wa dramu inayozunguka, dramu inaiburuta, mkono unavutika na kupanua breki shuu. Yaani nguvu ya kusimamisha inatoka kwenye gurudumu lenyewe. Umeme ni wa kuamsha tu. Haihitaji kompresa, haihitaji mafuta, na dereva anaweza kuongeza au kupunguza ukali akiwa kitini. Kwa tela la tani mbili tatu nyuma ya gari dogo hakuna rahisi kama hiyo.

Lakini mmeshaliona tatizo? Umeme ukikatika, breki hakuna. Na dereva hajui. Kwa hesabu ya Westinghouse, tumerudi 1869. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka kiraka: betri ndogo juu ya tela na swichi yenye pini. Pini imefungwa kwa kamba ya chuma kwenye gari. Tela likichomoka, kamba inavuta pini, betri inatuma umeme wote kwenye sumaku, tela linasimama. Ni kiraka kizuri, kama betri ina chaji. Betri nayo ikifa inakufa kimya.

Hizi tela huku kwetu si nyingi, ila kwenye ukanda wa dhahabu zipo: kompresa, jenereta, taa za usiku, vitu vya watu wa utafiti wa madini. Likizo iliyopita nikiwa field kwenye gereji moja Kahama tuliletewa mojawapo, tela la kompresa la ekseli mbili, kibati chake kinaonyesha limetoka Australia. Mwenye nalo ni kampuni moja ya kuchoronga, jina halina umuhimu. Malalamiko ya dereva yalikuwa sentensi moja: "Tela linanisukuma." Limemsukuma toka lini? "Siku nyingi tu, ila leo Geita kwenye kilima ndiyo limenitisha." Geita ina vilima, si kama kwetu.

Mwalimu wangu pale alikuwa mzee wa Kisukuma ambaye wote tulimwita Fundi, basi. Ukifika asubuhi bila kusema "mwangaluka" hakupi spana. Kijana wa umeme akachomeka mita kwenye plagi, akamwambia dereva akanyage, ikasoma volti 12. "Fundi, umeme upo." Mzee hakuinua hata kichwa. "Upo kusalimia au upo kufanya kazi?"

Wadau, hapo ndipo somo lote lilipo. Waya uliobaki nyuzi mbili tatu, au maungio yenye kutu, yatakuonyesha volti 12 kamili kama hakuna mzigo, kwa sababu mita haivuti kitu. Ukiunganisha sumaku zinazotaka umeme wa kweli, volti inaanguka. Kwa hiyo breki ya umeme inapimwa kwa ampia, na mita inakaa katikati ya waya, umeme upite ndani yake. Sumaku moja ya ukubwa ule inavuta kama ampia 3. Magurudumu manne, kama 12. Dereva akakanyaga tena, kiboksi kikiwa mwisho kabisa. Mita ikasoma mbili na kitu.

Mzee akachukua waya mnene mrefu, akaunganisha chesisi ya tela moja kwa moja na hasi ya betri ya gari. Sita! Kumbe waya wa ethi ulishakatika kwenye plagi, na umeme ulikuwa unarudi kwa kupitia mpira wa chuma wa kuvutia tela, wenye grisi na kutu. Unapita ukitaka, ukikataa unakataa. Gari likiruka shimo, ethi inakuja na kuondoka. Taa za tela zilikuwa zinawaka kwa kufifia kwa muda mrefu na hakuna aliyeuliza.

Sita maana yake sumaku mbili zimekufa. Tukainua ekseli ya nyuma kwa jeki. Hapa mkumbuke kwamba breki hii haikamati gurudumu lililosimama. Lazima mtu azungushe tairi kwa mkono huku mwenzake anakanyaga. Ya mbele ilikaza. Ya nyuma zote mbili zikaendelea kuzunguka kama feni. Tukafuata waya kwa vidole na kuukuta umechubuka mahali unapoingia ekseli, umekatika kabisa. Vumbi la barabara ya mgodini limeusugua hadi shaba ikaisha. Ukaunganishwa, ukavalishwa mpira, mita ikapanda hadi tisa.

Bado moja. Sasa ndiyo tukafungua dramu, na mnaona kwamba mzee amefanya hivyo mwisho, baada ya mita kumwambia mlango upi. Fundi wengi wangeanza kwa kufungua yote manne na kubadilisha breki shuu ambazo hazina kosa. Sumaku nzima ikipimwa ukinzani inasoma kama omu 3 hadi 4. Ya kushoto nyuma mita haikusoma chochote, na ilikuwa na harufu ya kuungua. Mzee akamuuliza dereva kama tela limewahi kuvutwa na lori. Akasema ndiyo, mara kadhaa, gari dogo likiwa bovu. Lori ni volti 24, tela ni la volti 12. Volti mara mbili inaleta ampia mara mbili na joto mara nne. Hakuapa kwamba ndiyo sababu, ila aliandika kwa rangi nyekundu juu ya plagi: 12 TU.

Sumaku mpya haikupatikana Kahama. Ilikuja wiki ya pili kwa basi toka Dar, zikaja mbili, kwa sababu kwenye ekseli moja unabadilisha pande zote ili zivute sawa, vinginevyo tela litakwenda upande ukikanyaga. Mita ikasoma kumi na moja na nusu. Dereva akasaini karatasi, akataka kuondoka.

Mzee akamwambia asubiri, akachomoa plagi ya gari, akamwomba asogee mbele taratibu huku yeye anavuta pini ya ile swichi ya dharura. Hakuna kilichotokea, tela likafuata kama ng'ombe mpole. Betri ndogo tukaipima, volti 4. Mbovu. Tukaweka nyingine, tukarudia. Safari hii magurudumu yote manne yakakaza na kuchora mistari minne kwenye vumbi la uwanja, na Land Cruiser ikabaki inakwaruza palepale. Mzee akarudisha pini haraka ili betri isiishe.

Kisha akainama kuangalia kamba ya pini imefungwa wapi. Ilikuwa imezungushwa kwa waya wa kufungia nondo kwenye shingo ya tela lenyewe. Dereva akaeleza kwamba waliifunga pale ili isipotee. Yaani tela lingeweza kuchomoka na kufika Ziwa Victoria na pini ikiwa mahali pake. Mzee akaukata ule waya kwa koleo, akaipitisha kamba mbele na kuifunga kwenye chesisi ya gari.

Haya wadau, nakimbilia maktaba, kuna test Jumatatu.